Mlozi wenye maua tele na lozi haba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Sacramento, California, na mume wangu na watoto. Miaka sita iliyopita tulipanda mlozi nyuma ya nyumba, aina ya Nonpareil. Kila Februari unachanua mpaka wapita njia wanasimama kupiga picha, lakini ikifika Agosti tunaambulia lozi za kujaza bakuli moja, na nyingi zimeliwa na funza. Jirani anasema niongeze mbolea, mume wangu anasema maji hayatoshi. Nifanye nini mwaka huu? Na je, naweza kumpelekea mama mbegu apande Tanga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenisaidia sana kutaja aina ya mti, kwa sababu jina hilo Nonpareil limebeba zaidi ya nusu ya jibu.

Mbolea iache kwanza, na maji tutayafikia. Mti wenye njaa hujionyesha: majani hupauka, matawi mapya huwa mafupi, na maua yenyewe huwa ya kuhesabika. Wako unachanua vizuri kila mwaka, maana yake kazi ya kuandaa maua inafanyika sawasawa. Kinachoharibika kinaharibika baada ya ua kufunguka. Mlozi wako hauna mwenzake wa kuuchavusha.

Milozi mingi haiwezi kujichavusha. Chavua ya Nonpareil ikitua kwenye ua la Nonpareil huota kama kawaida, mrija wake ukaanza kushuka kuelekea kwenye kijiyai, kisha ua linaitambua chavua hiyo kuwa ni ya kwake lenyewe na kuusimamisha mrija njiani. Ua linakaa siku chache, linanyauka, linadondoka. Kwa macho huwezi kutofautisha ua lililopata chavua na lililokosa, ndiyo maana watu wengi hulaumu udongo.

Wala kupanda Nonpareil ya pili hakutasaidia. Mwaka 1879 mkulima A. T. Hatch wa Suisun, mji ulio njiani ukitoka hapo Sacramento kwenda San Francisco, aliteua mche mmoja ulioota kwa mbegu, na tangu hapo watu wamekata vikonyo vyake, yaani vijiti vyenye macho ya kuchipua, na kuvibebesha (kuviunganisha vikue) kwenye mashina mengine, mti hadi mti, mpaka leo. Kwa hiyo Nonpareil zote duniani ni mti uleule mmoja uliogawanywa, na ua linalijua hilo. Hata kutofautiana jina peke yake hakutoshi: I.X.L., aina nyingine iliyotoka kwa Hatch huyohuyo, haichavushani na Nonpareil ingawa ni miti miwili tofauti kabisa.

Siku ukisafiri kwenye bonde la kati la California, kuanzia Red Bluff kaskazini hadi Bakersfield kusini, tazama mashamba. Utaona mistari ya aina mbili au tatu imepishana, na kila Februari mizinga ya nyuki imepangwa pembezoni. Huko ndiko kunakotoka takriban asilimia 80 ya lozi za dunia. Nonpareil ndiyo yenye bei nzuri zaidi sokoni, na bado wakulima hawa, ambao wanahesabu kila senti, wanatoa hadi nusu ya ardhi yao kwa aina za bei ya chini. Wangekuwa na njia ya kuepuka hilo kwa Nonpareil, wangeshaiepuka zamani.

Utaniuliza hilo bakuli moja limetoka wapi basi. Kuna mlozi wa aina nyingine mahali fulani mtaani kwenu, na nyuki wachache wamepita kwake kabla ya kuja kwako. Ni habari njema, kwa sababu inathibitisha kwamba mti wako ni mzima na unaweza kuzaa.

Sasa tiba. Iliyo ya kudumu ni kupanda mlozi wa pili wa aina inayopatana na wako na kuchanua wakati mmoja nao. Mimi ningekuchagulia Carmel, ambayo huchanua siku chache tu nyuma ya Nonpareil. Usikubali kuuziwa Mission kwa ajili ya kazi hii. Ni mti mzuri, lozi zake zina ladha nzito, lakini unachelewa kuchanua, na unapoanza maua mengi ya Nonpareil yamekwisha kudondoka. Vitalu vya huko huuza miche yenye mizizi mitupu, isiyo na udongo, Januari na Februari, na huo ndio wakati wa kupanda. Upande ndani ya mita kumi au kumi na tano kutoka ule wa kwanza. Kama kiwanja chenu hakina nafasi, zungumza na yule jirani wa mbolea aupande upande wake wa uzio. Mtavuna nyote wawili.

Ukipanda, fukua shimo la upana wa kutosha mizizi kukaa bila kukunjwa, na usizame zaidi ya pale mche ulipokuwa umezama kitaluni. Utaona uvimbe pale ulipobebeshwa: ubaki juu ya udongo. Kisha kata mche wote kwenye urefu wa sentimita 75 hadi 90. Watu wanaogopa kufanya hivyo kwa mti walioununua kwa pesa nyingi, lakini mizizi iliyokatwa wakati wa kung'olewa haiwezi kulisha shina refu, na kutoka hapo utapata matawi matatu au manne ya kujenga mti wenye umbo zuri. Shina lipake rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka kuta za ndani, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jua la kiangazi la Sacramento huunguza gome changa, na gome lililoungua ndilo mlango wa wadudu wanaotoboa shina.

Tatizo la mlozi wa pili ni kusubiri. Utapita mwaka wa tatu au wa nne kabla haujatoa maua ya maana. Ndiyo sababu watu wa zamani walikuwa na njia nyingine ambayo utaitumia mwaka huu huu. Tafuta mtu mwenye mlozi wa aina nyingine. Nonpareil yako inapoanza kufunguka, kata kwake matawi yenye maua, ya urefu wa mkono hivi, ukichagua yale ambayo baadhi ya maua yamefunguka na mengine bado ni vitumba vya rangi ya waridi. Yatie mara moja kwenye ndoo ya maji, na ndoo uining'inize katikati ya mlozi wako, upande unaopata jua la asubuhi. Nyuki wakianza kazi watatoka ua la ndoo kwenda ua la mti bila kubagua. Vitumba vitaendelea kufunguka ndooni kwa siku kadhaa. Maji ubadilishe, na matawi yakichoka leta mapya. Nimeona miti ya nyumbani ikijaa lozi kwa ndoo mbili tu zilizotunzwa vizuri, lakini pande zilizo mbali na ndoo hubaki na lozi chache, kwa hiyo zihamishe.

Kuna pia njia ya kati: kubebesha tawi la Carmel juu ya Nonpareil yako. Vikonyo vichukue mti wa Carmel ukiwa bado umelala, uvifunge kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni na kuviweka kwenye friji isiyo na matunda, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayoua macho ya kikonyo. Vibebeshe mwishoni mwa majira ya baridi. Likishika, lifunge kitambaa cha rangi ili mtu anayepogolea asilikate kwa kudhani ni tawi la ziada. Hilo hutokea mno. Kama mkono wako haujazoea kisu cha kubebeshea, ulizia wasaidizi wa kujitolea wanaoitwa Master Gardeners, walio chini ya Chuo Kikuu cha California. Wanatoa ushauri bure, na wengi wao wanajua kazi hii kwa vitendo.

Kwa msomaji mwingine ambaye hajapanda bado na ana nafasi ya mti mmoja tu: achana na Nonpareil. Nunua All-in-One au Independence, ambazo hujichavusha zenyewe, au Garden Prince, ambayo pia hujichavusha na hubaki fupi kiasi cha kukaa kwenye pipa kubwa.

Hata mwenzake akiwepo, kazi bado inategemea nyuki na hali ya hewa. Nyuki hawatoki kwa wingi joto likiwa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, na mvua huwazuia kabisa. Februari yenye mvua mfululizo itapunguza mavuno hata ufanye nini, na vivyo hivyo usiku wa jalidi, hasa baada ya vilozi vidogo kutunga, kwani hivyo huharibika baridi ikifika chini kidogo ya sifuri. Unachoweza kufanya ni kufyeka majani chini ya mti na kuacha udongo wazi ukiwa na unyevu, maana udongo wa namna hiyo huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Na katika wiki hizo za maua usipulize dawa yoyote ya wadudu, wala jirani yako asipulize.

Nakuja kwenye funza, jambo ambalo naona hulipi uzito unaostahili. Vunja moja ya zile lozi mbovu. Ukikuta kiini kimetafunwa, kimejaa unga wa kinyesi na nyuzi nyembamba kama za buibui, huyo ni kiwavi wa nondo wanayemwita navel orangeworm, adui mkubwa wa lozi California. Nondo jike hutaga pale ganda la nje la kijani linapoanza kupasuka, mwanzoni mwa Julai kwa Nonpareil. Aina yako ina kaka (ganda la ndani) laini linalovunjika kwa vidole, sifa inayopendwa jikoni, lakini kiwavi naye anaipenda kwa sababu hiyohiyo.

Majira ya baridi huyapitisha ndani ya lozi zilizokauka na kubaki mtini. Toka nje leo, majani yakiwa yamekwisha kupukutika, utazame juu. Zile lozi nyeusi zilizong'ang'ania matawini ndizo nyumba yake. Ziangushe zote kwa ufito mrefu kabla ya tarehe 1 Februari, kwa kuwa vitumba vikivimba utaviangusha navyo. Siku yenye ukungu ni nzuri zaidi, lozi zikiwa zimelowa huachia haraka. Kisha usiziache chini: okota, funga kwenye mfuko, tupa, au zisage kabisa. Wakulima wakubwa hulenga wasibakize zaidi ya lozi mbili kwa mti. Wewe una mti mmoja, usibakize hata moja. Hakuna dawa ya kupuliza nyumbani inayoishinda kazi hii.

Nusu ya pili ya vita ni kuvuna mapema. Watu huacha lozi mtini hadi Septemba wakidhani zinakomaa zaidi. Maganda karibu yote yakishapasuka, pamoja na yale ya ndani ya mti ambayo huchelewa, vuna siku hiyohiyo. Tandika shuka au turubai, gonga matawi makubwa kwa gongo lililozungushiwa mpira au kitambaa ili gome lisichubuke, kusanya. Usizikaushe juu ya udongo kama zifanywavyo shambani. Nyumbani sisimizi watakutangulia, na uchafu wa ardhini unaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Menya ganda la nje, zitandaze tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa, zifunike kwa wavu mwingine kwa ajili ya kunguru na kindi. Baada ya siku kadhaa chukua moja, vunja kaka, kunja kiini: kikipinda kama mpira bado kina maji, kikikatika kwa mlio kimekauka. Halafu zitie kwenye friza kwa wiki moja, mayai na viwavi visivyoonekana vife, ndipo uhifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Zile zilizotobolewa usizichague chague ukakata sehemu nzima ili iliwe. Tundu la kiwavi hufungulia njia kuvu inayotengeneza sumukuvu, ileile inayosumbua mahindi na karanga huku kwetu. Haionekani, haina ladha, na kukaanga hakuiondoi. Tupa zote, hasa kama kuna watoto mezani.

Maji sasa. Mume wako huenda ana haki kidogo, lakini kwa wakati asioufikiria. Kwa Sacramento ya Julai, mti uliokomaa hutumia maji ya kina cha milimita 7 hivi kwa siku kwenye eneo lililofunikwa na kivuli chake, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mti wenye kivuli cha upana wa mita nne una eneo la mita za mraba 12 na nusu, hivyo unahitaji karibu lita 90 kwa siku, au lita 600 kwa wiki. Yatoe kwa vipindi vichache virefu yazame chini, kwa mpira wa matone uliozungushwa mbali na shina. Ikiwa mti uko katikati ya majani ya bustani yanayonyunyiziwa kila jioni, hamisha vinyunyizio leo. Shina linalolowa kila siku huoza mizizi na shingo, na huo ni ugonjwa ambao mlozi hauponi.

Wakati ninaousema ni baada ya mavuno. Lozi zikishaingia ndani, wengi hufunga bomba. Lakini Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo mti unatengeneza ndani ya macho yake maua ya Februari ijayo. Ukiunyima maji wakati huo utaona matokeo mwaka unaofuata, ukiwa umeshasahau ulichofanya. Endelea kumwagilia mpaka mvua zianze.

Mbolea haina mengi. Pima matawi yaliyoota mwaka huu: yakiwa na sentimita 20 au zaidi, mti umeshiba. Tandaza mboji iliyoiva na matandazo ya vipande vya miti, yasiguse shina. Naitrojeni ikizidi hukuletea majani mengi na maganda yanayooza mtini. Samadi mbichi usiiweke kabisa, kwa sababu ya ile salmonela. Kupogolea nako kuwe kwa kiasi: kata yaliyokufa na yanayosuguana, wiki isiyotarajiwa mvua, na vile vitawi vifupi vyenye macho mengi usivipunguze, ndivyo vinavyozaa.

Kuhusu mama. Mlozi hauwezi kuzaa Tanga, mwanangu, na ni bora nikuambie wazi kuliko mama akae miaka mitano akimwagilia kitu kisichokuja. Ili uamke na kuchanua, Nonpareil unahitaji saa 400 hivi za baridi ya chini ya nyuzi 7, na Tanga hata usiku wa Julai haikaribii huko. Ndugu zetu walioko Oman wanaona milozi ikizaa Jebel Akhdar kwa sababu kule juu, karibu mita 2,000, majira ya baridi yapo kweli. Pale chini Muscat hali ni nyingine. Lushoto, ambako pichesi na plamsi zinazaa, mlozi ungeweza kujaribu kuchanua, lakini unataka pia kiangazi kikavu tangu ganda linapopasuka hadi kuvuna, na maua yake yakilowa siku nyingi huoza kwa kuvu.

Mbegu ina hatari yake pia. Lozi za dukani huko Marekani hazifai kupandwa, kwani tangu Septemba 2007 lozi za California zinazouzwa nchini humo lazima zipitishwe kwenye joto au dawa ya kuua bakteria, hata zile zilizoandikwa kuwa ni mbichi. Za mti wako zingeota, lakini mti mtamu unaweza kubeba uchungu ndani yake bila kuuonyesha, na baadhi ya watoto wake wakazaa lozi chungu. Lozi chungu ikitafunwa hutoa sianidi, na kwa mtoto mdogo chache tu zinatosha kumdhuru. Wafundishe watoto wako hivyo: lozi ikiwa chungu, iteme. Tena kuingiza mbegu au mche Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usifiche kwenye begi.

Akitaka mti wa kivuli wenye kokwa, mama anaujua mkungu, ambao Tanga unaota hadi ufukweni. Hauna undugu na mlozi, lakini kiini cha kungu kinalika, kama wewe mwenyewe ulivyokigonga kwa jiwe ulipokuwa mdogo. Na lozi za mti wako mpelekee za kula, zikiwa zimekauka vizuri na kukaangwa, zimefungwa bila hewa. Mwambie aziweke kwenye friji, maana kwa joto la Tanga mafuta yake huchacha upesi.